Shorobo Wawili na Maji ya Magadi

Nyumbani kwangu mlenda hauwekwi magadi. Watoto wamezoea, lakini mgeni akija, hasa akiwa Mgogo mwenzangu, lazima atie neno. Shemeji yangu mmoja aliwahi kusogeza bakuli pembeni akasema, "Huu si mlenda, hii ni mboga ya mgonjwa." Nikacheka naye, nikamwongezea ugali. Sokoni Majengo, hapa Dodoma, yuko mama mmoja anayeuza karanga, ubuyu na magadi kwenye meza moja, na mimi ni mteja wake wa karanga. Yale mabonge yake ya kijivu, yenye harufu ya mbuga iliyonyeshewa jana, huwa nayapita nikiangalia pembeni kama mtu aliyegombana na mkwewe. Mgogo asiyekula magadi ni kichekesho, najua. Lakini mwaka huu tumemzika mama, na nimeona bora niseme sababu yake, tena niwaambie ninyi wa rika langu, maana miaka ile mnaijua bila kuelezwa sana.

Nilikulia Gulwe, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa kwenye gangi ya njia, wale wanaokaza misumari na kubadilisha mataruma, na mikono yake ilinuka chuma hata siku ya Jumapili kanisani. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikarudi madukani, mitumba ikashuka kwa marobota, na mama akanunua kandambili za rangi ya waridi akazivaa ndani tu zisichakae. Sisi watoto tuliona neema tupu. Nyuma ya neema likaja neno jipya, kupunguza wafanyakazi, na baba akapunguzwa. Nilimtazama siku nzima nikitafuta amepungua wapi. Mwishoni niliamua amepungua mdomo, kwa sababu alikuwa msemaji sana na sasa alikuwa hasemi.

Wenzake wawili wa gangi walikwenda Mererani kuchimba vito. Hakuna aliyeandika barua. Mke wa mmoja wao alihama na watoto, nyumba yao ikakaa wazi mpaka mbuzi wakaingia kulala, na kila nilipopita pale niliharakisha. Nilikuwa na umri wa kama miaka tisa, mdogo wangu Yona bado anabebwa mgongoni, na hofu yangu ilikuwa moja tu, baba asije akaenda Mererani.

Aliyemzuia alikuwa mfanyabiashara mmoja kutoka Dodoma. Alikuwa na karakana Kizota, kule wanakochomelea mageti, ila yeye alikuwa amechomelea vizimba akavijaza ndege. Ndege wakishajaa waliteremshwa Dar es Salaam, wakapandishwa eropleni kwenda Ulaya. Watoto wa stesheni tulimwita Bwana Vizimba, naye hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya mitumba iliyompwaya mabegani. Alimwambia baba kwamba chiriku na kasuku wadogo anao wa kutosha, anachotaka ni shorobo. "Niletee jozi moja safi nikuone," alisema. "Wakiwa safi, wewe ndiye mtu wangu wa Gulwe na Mpwapwa yote."

Shorobo si ndege wa Gulwe. Gulwe ni miiba na vumbi, ndege wake ni njiwa, kwale na kanga. Shorobo anakaa milimani juu ya Mpwapwa, kwenye msitu wenye ukungu na mikuyu mikubwa, na baba aliujua ule msitu kwa kuwa utotoni alichunga ng'ombe chini yake na kurina asali ndani yake. Jioni moja, mdomo wake ukiwa umerudi kidogo, alinieleza. Shorobo haruki ovyo, alisema, anakimbia juu ya matawi kama kindi. Kidole chake kimoja cha mguu kinageuka mbele na nyuma, ndiyo maana hatelezi. Jike na dume huwezi kuwatofautisha, wanajenga pamoja kiota cha vijiti vyembamba hata ukisimama chini unayaona mayai, na makinda wanawalisha matunda waliyoyameza na kuyatapika. "Akitulia humwoni. Yeye kijani, majani kijani. Unataka kumwona? Mngoje aruke."

"Akiruka inakuwaje?" nikamwuliza.

"Utaona mwenyewe. Na tena, ukimnasa mmoja usihangaike na wa pili. Wa pili atakuja mwenyewe kumtafuta mwenzake."

Alikwenda mlimani na kopo la ulimbo alioupika kwa utomvu wa mkuyu, akaupaka kwenye matawi wanayokimbilia wakienda kwenye tini. Alirudi siku ya nne akiwa na tenga limefunikwa gunia. Alipofunua sikuona cha ajabu, ndege wawili wakubwa kuliko njiwa, kijani iliyokolea, na kishungi kichwani chenye ncha nyeupe kama kimechovywa unga. Kuzunguka jicho kulikuwa na duara jekundu. Nilikaribia kusema ndio hawa tu? Hapo mmoja akafungua bawa ili asianguke. Jamani, mimi sikuwahi kuona wekundu ule. Haukuwa wa nguo ya kanga wala wa pilipili, ulikuwa mwingi mno, umejaa bawa zima kutoka ndani. Akafunga, ukatoweka. Nikaamini kabisa kwamba ndege yule ana damu nyingi kuliko viumbe wengine, na ameificha mle.

Tuliwalisha mapapai na nyanya. Bwana Vizimba alikuwa aje na treni ya Ijumaa. Alhamisi wakati wa kula nilimsikia baba akimwambia mama, "Hawa wakipokelewa, siondoki. Wakikataliwa, Mama Debora, nakwenda Mererani." Debora ndiye mimi. Mama alimega tonge akalishika tu mkononi. Usiku ule sala yangu ilikuwa fupi.

Ijumaa asubuhi baba alimwagiza mama awapanguse wale ndege kwa kitambaa chenye maji, maana walikuwa na mabaki ya ulimbo na papai lililowakaukia. Mama akawapangusa. Mchana akajitwika beseni la karanga za kuchemsha, akambeba Yona, akaenda kuuza stesheni. Baba alikuwa ameshatangulia huko. Nikabaki na shorobo wawili, na nikaona hawajasafika. Unyoya mmoja hapa umegandamana, mwingine pale una uchafu. Bwana Vizimba alisema wawe safi.

Sasa, kwetu Ugogoni magadi ni dawa ya kila kilicho kigumu. Mlenda mkavu haulainiki bila magadi. Maharage yamekomaa, tia magadi. Kipindi cha shida ya sabuni, masufuria yenye mafuta mama aliyasugua kwa maji ya magadi ya moto yakang'aa. Mtoto wa Kipare au wa pwani asingefikiria, angetafuta sabuni. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kibuyu cha magadi. Nilichukua bonge zima, nikalivunja kwenye bakuli la bati, nikatia maji ya uvuguvugu, nikakoroga kama nilivyomwona mama akifanya. Nikamtoa shorobo wa kwanza, nikamkumbatia kwa kitenge, nikalivuta bawa na kulitumbukiza.

Maji yakawa mekundu.

Mwanzoni nilidhani nimemkata, nikatafuta jeraha. Hapakuwa na jeraha. Ndege hakulia, alinitazama tu kwa lile jicho lenye duara. Nami badala ya kumtoa, nilisugua zaidi, kwa hofu, nikitaka kukifikia kile kinachovuja nikizibe. Wekundu ukazidi kutoka. Na wa pili je? Mtaniuliza kwa nini nilimwosha wa pili. Nimejiuliza miaka yote. Nafikiri niliona kwamba wakitofautiana baba atajua, wakifanana hatajua. Ndiyo akili ya miaka tisa.

Nilipomaliza, mabawa yao yalikuwa na rangi ya kanga iliyofuliwa mwaka mzima, waridi hafifu, na penginepo kijivu kabisa. Bakuli lilikuwa limejaa kama siku ya kuchinja mbuzi. Nilimwaga yale maji nyuma ya jiko, nikafukia kwa jivu. Unyoya mmoja uliokuwa umeng'oka mkononi mwangu sikuweza kuutupa. Nilichana ukurasa wa daftari, nikaandika kwa penseli, "Mungu nisamehe nimewaosha kwa magadi. Debora." Nikaufunga unyoya humo, nikauzika chini ya kuni. Nilijua nimewatoa damu yote na kwamba watakufa.

Treni ilifika jua likianza kupoa. Bwana Vizimba alikuja na baba, mama nyuma yao na beseni tupu. Nilimwamkia mgeni, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Akachuchumaa, akamtoa mmoja kwa ustadi, akalikunjua bawa. Akalikunjua tena. Akamtoa wa pili.

"Mzee, hawa vipi?" alisema taratibu. "Wamepauka. Hawa wanaumwa, na wamelowa. Wazungu wanachotaka ni hii rangi. Nikimpeleka huyu watanirudishia wote."

Baba aliwatazama kama mtu aliyeletewa watoto wasio wake. "Jana walikuwa wazima. Wallahi," alisema, yeye Mkristo, sijui kiapo kile alikitoa wapi.

"Sikukatalii. Nakwenda Dar, nitapita tena Jumatano. Ukipata jozi nyingine ni sawa, ukikosa basi." Akampa mkono, akawahi treni yake.

Baba alisimama pale hadi filimbi ikalia na behewa la mwisho likapita. Ndipo akageuka. Hakupaza sauti. "Nani amewaosha hawa ndege?"

Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Lakini mama alitangulia, akiwa ameinama anamshusha Yona mgongoni.

"Mimi," alisema.

Baba alimtazama. "Mama Debora," akasema, "umeniua."

Ni msemo tu. Watu wanausema kila siku, mtu akimwagiwa chai anausema. Alichukua kopo la ulimbo na panga, akajifunga shuka, akaondoka kwa miguu kuelekea Mpwapwa. Mama alipakua ugali uliobaki mchana. Alimfuata na sahani mpaka kwenye reli, akarudi nayo ikiwa imejaa.

Mimi nilikaa kimya, na nitawaambia nilivyowaza. Niliwaza kwamba mama ni kweli anaamini ni yeye. Si aliwapangusa asubuhi? Anadhani ni kile kitambaa chake. Nikaona nimepona. Furaha ile ndogo, ya mtoto aliyeponea fimbo, ndiyo inayonila mpaka leo.

Jumatano Bwana Vizimba alipita, baba hajarudi. Alhamisi wakaja wanaume wanne kutoka juu ya Mpwapwa, wamembeba kitandani, amefunikwa shuka lake. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, mkuyu ukawa unateleza, akaanguka na kopo lake. Mmoja wao, mrina asali aliyemjua baba tangu wakichunga pamoja, alimsimulia mama nje ya mlango nami nikasikia. Walimpata kwa sababu ya kelele za shorobo. Mmoja alikuwa amenasa kwenye ulimbo juu ya ule mti, na mwenzake amekaa kando yake akilia, hataki kuondoka hata watu walipofika. "Nikapanda nikambandua," alisema. "Sikuweza kuwaacha vile, shemeji."

Tulizika. Wanawake walijaza ua, na mimi nilizunguka kati ya miguu yao nikijua jambo wasilolijua. Katika hesabu yangu lilikuwa wazi. Nilimwaga damu, damu imedaiwa, baba ameitoa. Tangu siku ile mama hakupika tena kwa magadi. Kibuyu kile alimpa jirani. Sikuuliza. Nikasema moyoni, anajilaumu, masikini, anadhani ni yeye, na mimi sitamwambia kwa kuwa nikimwambia hatanipenda.

Wale shorobo waliopauka hawakufa, na hilo lilinishangaza. Walikaa kwenye tenga lao, mama akawalisha papai kila asubuhi hata siku ambazo sisi tulikunywa uji mtupu. Miezi ikaenda. Kiangazi kilipoingia walianza kupukutika manyoya, nikasema sasa ndiyo wanakufa. Asubuhi moja mmoja wao akanyoosha bawa, na katikati ya yale ya kijivu kulikuwa na unyoya mmoja mpya, mwekundu vilevile kama siku ya kwanza.

Mtoto akili yake inajenga nyumba kwa vijiti vichache. Kama damu imetoka na baba akafa, na sasa damu inarudi, basi baba anarudi. Sikumwambia mtu. Nilianza kwenda stesheni kila treni ya abiria. Nilihesabu manyoya mekundu asubuhi, mchana nikasimama karibu na wauza maboga nikitazama wanaoshuka, nikimtafuta mtu mwenye shuka na kopo. Mama wa maboga akaniuliza, "We Debora, unamngoja nani?" Nikamwambia namngoja mjomba. Manyoya yakafika sita, yakafika tisa, bawa likakaribia kujaa, nami hata darasani nilikuwa nikiyahesabu kichwani.

Halafu siku moja nikarudi kutoka shule nikamkuta yule mrina asali amesimama uani, na mama analifunga tenga kwa kamba. Alikuwa amemwomba awarudishe mlimani. Nililirukia lile tenga. Nilimpiga mama kwa ngumi, tumboni na mapajani, nikipiga kelele kwamba bado, bado mabawa mawili, asubiri wajae wote. Hakunizuia. Alinishika kichwa akakibana kwake mpaka nikachoka.

"Mwache aende, mwanangu," alisema. Hakusema waache, alisema mwache, kama anayejua niliyekuwa nikimngoja stesheni. Mrina asali akajitwika tenga, akaenda zake.

Tulihamia Dodoma mwaka uleule. Mama aliuza karanga Majengo, akatusomesha, nami nikapata kazi ya uchapaji kwenye ofisi ya maliasili. Miaka mingi baadaye akaja kijana wa chuo kufanya mazoezi ya kazi ofisini kwetu, anasomea mambo ya wanyama, na kwenye kompyuta yake kulikuwa na picha ya shorobo. Nikamwuliza kama kwa utani, je, huyu akioshwa kwa magadi inakuwaje? Akashangaa nimejuaje. Akaeleza kwamba wekundu ule ni rangi yenye shaba ndani yake, inayotokana na wanachokula, ndege wengine hawana, na magadi huiyeyusha. Manyoya yakiota upya, rangi inarudi. Ndege haumii. Nikamwuliza, na ile damu je? "Haikuwa damu, mama," akasema, maana uso wangu ulikuwa umeshabadilika. Nilikwenda chooni nikalia mpaka mhudumu akagonga mlango.

Na bado sikumwambia mama. Jioni ile nilipita kwake, tukala mlenda wake usio na magadi, nikafungua mdomo, nikazungumzia bei ya mkaa. Nilijiambia nitamwambia Pasaka. Kisha Krismasi. Akaugua, nikasema akipona.

Baada ya msiba mimi na Yona tulikaa sakafuni chumbani kwake kupanga vitu. Vitenge upande huu, vyombo upande ule. Chini ya sanduku kulikuwa na kopo la chai lenye kutu, na zile kandambili za waridi zimewekwa juu yake, nyayo hazijaisha. Yona akalifungua. Kulikuwa na cheti cha ndoa, kadi zetu za kliniki, na karatasi ya daftari iliyokunjwa, imeingia doa la udongo. Akaikunjua. Ukaanguka unyoya, kijivu, na ukingoni waridi kidogo sana.

Niliutambua kabla hajaanza kusoma. Kuni zile alikuwa akizichukua yeye kila asubuhi, kwa nini sikuwahi kufikiria hilo? Labda aliukuta kesho yake tu, baba akiwa bado hai huko mlimani. Labda alijua tangu alipoona jivu nyuma ya jiko, kabla hata hajatamka. Alijua, akalichukua lile neno la mwisho la mume wake, "umeniua," akalibeba miaka yote mimi nikidhani ninamhurumia. Kumbe ndiyo maana kibuyu kiliondoka. Hakutaka mimi niyaone magadi.

Yona alisoma ule mwandiko wa kitoto kwa sauti, polepole, mpaka kwenye jina langu. Yeye habari ya ndege aliijua kama tulivyohadithiwa sote, kwamba mama aliwaosha, baba akakasirika, akaenda. Aliinua macho.

"Dada," alisema, "nani aliwaosha hawa ndege?"

"Mimi," nikasema.